JE, WAJUA? Radi ya Sumbawanga na mazoea ya fikra

Je, wajua kwamba radi hupewa maelezo mawili kutegemea imepiga wapi? Ikipiga kwingine, ni hali ya hewa. Ikipiga Sumbawanga, mji wa Tanzania unaohusishwa na visa vya uchawi, utasikia "imetumwa", yaani na mchawi.

• Kinachotokea angani: Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga, ulio kwenye uwanda huo, uko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yenye unyevu hupanda, hupoa na kujenga mawingu ya ngurumo msimu wa mvua.

• Kinachotokea kichwani: Mwaka 1960, mwanasaikolojia Peter Wason wa London aliwapa watu namba 2, 4, 6 ili wabaini kanuni yake. Wengi walijaribu mifano ya kuthibitisha dhana yao tu, kama 8, 10, 12. Kumbe kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda! Vivyo hivyo, kwa anayeamini tayari kwamba Sumbawanga ni mji wa uchawi, kisa kimoja kinachothibitisha dhana hiyo hukumbukwa miaka mingi, ilhali maelfu ya siku tulivu hayasimuliwi.

• Aliyeishi huko aliona nini? Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis alifanya utafiti Ufipa miaka ya 1960. Mwaka 1989 alichapisha makala kuhusu fumbo lililomvutia, nalo si la uchawi: amani ya Wafipa, wenyeji wa Ufipa.

Jipime: Ukisikia kisa cha Sumbawanga, jiulize: kingetokea mkoani kwako, ungekieleza hivyo hivyo?