FEDHA ILIYOOKOTWA KAZINI: MWENYEWE NI NANI?



Hakuna karakana, hoteli wala kituo cha mabasi kisichokuwa na hadithi ya mfanyakazi aliyeokota fedha. Mmoja alirudisha, akaambulia "ahsante" tu. Mwingine alinyamaza, akanunua mabati. Wa tatu alinyamaza vilevile, akafukuzwa kazi na kufikishwa mahakamani. Wakati wa chai watu hugawanyika: hawa wasema riziki haina mwenyewe, wale wasema cha mtu ni cha mtu. Kengele inalia, kila mtu anarudi kwenye kazi yake, na neno halikuamuliwa.

Katika ukurasa huu wa nchi jirani tunaitazama Kenya. Sheria yake ya kazi ya mwaka 2007 imeandika wazi mambo kadhaa yanayomhusu mfanyakazi anayeshika fedha. Tena, sheria ya jinai juu ya kitu kilichookotwa inafanana sana katika Kenya, Uganda na Tanzania, kwa kuwa zote zina shina moja la enzi ya utawala wa Waingereza. Linalomkuta mwenzetu wa Nakuru laweza kumkuta wa Jinja au wa Mwanza.

SHERIA YASEMAJE?

Wengi huamini kwamba kuokota si kuiba. Hiyo ni nusu ya kweli. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kwamba mtu aliyeokota kitu kilichopotea na kukifanya chake hahesabiwi mwizi kwa masharti mawili: awe hamjui mwenyewe, na awe anaamini, kwa sababu za maana, kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Masharti yote mawili lazima yatimie, na yapimwe wakati ule anapoamua kukitumia.

Tuchukue mifano. Noti moja ya shilingi 200 imepeperushwa na upepo katikati ya soko la Gikomba. Nani atamjua mwenyewe? Hapo sheria haina ugomvi na aliyeiokota. Lakini mkoba ulioachwa kitini ndani ya basi, wenye kitambulisho na risiti ya benki, mwenyewe anajulikana kwa jina lake. Hata bahasha isiyo na jina, ikiokotwa chumba namba fulani cha hoteli, mwenyewe yumo katika daftari la wageni. Mfanyakazi wa usafi hawezi kumwambia hakimu kwamba aliamini mwenyewe hapatikani.

Mfanyakazi ana hatari zaidi kuliko mpita njia. Kwa wizi wa kawaida, kifungu cha 275 kinataja kifungo kisichozidi miaka 3. Lakini kwa karani au mtumishi aliyeiba mali ya mwajiri, au mali iliyomfikia kwa niaba ya mwajiri, kifungu cha 281 kinataja miaka 7. Jambo moja, jengo moja, ila aliyevaa sare ya kazi aweza kukabiliwa na adhabu iliyo zaidi ya maradufu.

UPUNGUFU NI WANGU, ZIADA NI YA NANI?

Hapa ndipo wahasibu, makondakta na wauza duka wanapoumia. Kifungu cha 19 cha sheria ya kazi ya Kenya kinamruhusu mwajiri kukata mshahara wa mfanyakazi fedha zikipungua. Lakini wengi hawajasoma masharti yake: mkataba wa mfanyakazi uwe umetaja waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha, na upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Kuambiwa tu "zimepungua, lipa" hakutoshi.

Sasa, jioni nyingine sanduku linahesabiwa na fedha zimezidi. Mfanyakazi anajisemea: juzi nilikatwa 500, leo zimezidi 500, basi tumelipana. Hesabu hiyo inaeleweka kabisa. Ila ni mtego. Fedha iliyozidi huenda ni ya mteja aliyesahau chenji yake, naye aweza kurudi kesho kuidai. Na msimamizi akigundua kwamba ziada imefichwa, hatauliza habari ya zile 500 za juzi. Atasema huyu ndiye aliyekuwa akizipunguza siku zote. Hivyo mfanyakazi anakuwa amempa mwajiri ushahidi wa kosa ambalo hakulitenda.

Dawa yake ni kuandika. Ziada iandikwe katika daftari lile lile linaloandikwa upungufu, pamoja na tarehe, saa na sahihi za watu wawili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi mwenye daftari linaloonyesha ziada alizozikabidhi ana neno la kusema siku akidaiwa upungufu.

MSHAHARA ULIOZIDI NA FEDHA ZA SIMU

Kuna fedha nyingine ambayo haikuokotwa barabarani, bali imeingia yenyewe. Karani amekosea, mshahara umeingia mara mbili. Kifungu hicho hicho cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi alicholipa kwa makosa. Kwa hiyo fedha hiyo si zawadi. Ni deni lililokuja bila kuombwa. Lakini sheria imeweka mpaka: jumla ya makato yote isipite theluthi mbili za mshahara. Mwajiri anayesomba mshahara wote wa mwezi ili kurudisha kosa la karani wake anavunja sheria, na mfanyakazi ana haki ya kukataa akiwa na mwakilishi wa chama ubavuni. Lililo jema zaidi ni kutoa taarifa mapema, kabla fedha haijaliwa, na kukubaliana kwa maandishi jinsi ya kurudisha.

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, fedha zimekuwa zikipotea njia kwa kukosewa tarakimu moja tu. Mwenye kupokea akisema "nimeokota", anajidanganya, kwa kuwa namba na jina la mtumaji vimo mkononi mwake. Lakini awe macho. Wapo matapeli wanaotuma ujumbe wa uongo, kisha wanapiga simu wakilia kwamba wamekosea namba. Kwanza tazama salio lako. Kama fedha imeingia kweli, usiirushe wewe kwa namba yoyote unayotajiwa. Mwambie mtumaji aombe kampuni ya simu iirudishe kwa njia zake.

HOJA YA WANAOBAKI NAZO

Tusiwadharau wanaosema fedha ibaki kwa aliyeiokota. Hoja yao si tamaa peke yake. Wanauliza: saa za ziada nisizolipwa, nani ameniokotea? Mwenye gari akikaa na makato yangu ya uzeeni bila kuyapeleka, mbona haitwi mwizi? Maswali haya ni ya haki, na chama kipo kwa ajili yake.

Lakini tazama ni nani aliyeacha mkoba ule kwenye basi. Mara nyingi si tajiri. Ni mama aliyeuza ng'ombe ili apeleke mtoto shule, au kibarua mwenzetu aliyetoka kupokea malipo ya wiki mbili. Dhuluma ya mwajiri hailipwi kwa machozi yake. Na hata ikiwa ni ya tajiri, deni la saa za ziada hudaiwa mezani, kwa hesabu na kwa sauti ya wengi. Anayejilipa kimyakimya huwaachia wenzake kupekuliwa mifuko mlangoni kila jioni.

Wala si kweli kwamba maskini akiona fedha hushindwa nayo. Mwaka 2019 wachunguzi walichapisha matokeo ya jaribio kubwa. Walikabidhi pochi zaidi ya 17,000 kwa wafanyakazi wa mapokezi katika mabenki, mahoteli, posta na kwingineko, katika miji 355 ya nchi 40, Kenya ikiwa mojawapo. Walisema wameziokota, wakaenda zao. Nyingine zilikuwa na fedha, nyingine hazina. Katika nchi 38, pochi zenye fedha ndizo zilizoelekea kurudishwa zaidi. Watu hawakutaka kujiona wezi.

TUFANYE NINI?

Uaminifu wa mtu mmoja mmoja ni jambo jema, lakini hautoshi mahali pasipo na utaratibu. Nchini Japani sheria inampa mwokotaji haki ya kudai zawadi ya asilimia 5 hadi 20 ya thamani ya alichookota, na mwenyewe asipotokea kwa miezi mitatu, mwokotaji aweza kukipata. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, lakini mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri waweza kuzaa matunda kama hayo. Tudai mambo haya:

1. Daftari la vitu vilivyookotwa katika kila mahali pa kazi, likitiwa sahihi na mwokotaji, msimamizi na shahidi mmoja.

2. Stakabadhi kwa kila anayekabidhi, ili fedha isije ikapotelea mezani kwa mkubwa na lawama ikamrudia mdogo.

3. Muda maalumu wa kungoja mwenyewe, na baada yake iamuliwe kwa maandishi fedha inakwenda wapi.

4. Fungu la mwokotaji, au angalau barua ya sifa katika faili lake.

Na akishtakiwa mwenzetu, asihukumiwe ofisini kimyakimya. Nchini Kenya kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi anayetaka kufukuzwa kwa kosa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Haki hiyo ni ya aliyekabidhi na ya aliyenyamaza. Lakini aliyekabidhi ataingia chumbani humo na stakabadhi mkononi, na mwakilishi wake atakuwa na la kusema.