Risasi tatu zilizoamua kesi ya mwendesha bodaboda

MTAALAMU wa silaha alifungua bahasha ya kaki, akamimina mezani vipande vitatu vya madini ya kijivu. Kimoja kilikuwa kizima. Cha pili kilikuwa kimebonyea kama tunda lililokanyagwa. Cha tatu kilikuwa bado ndani ya ganda lake. Kizimbani, kijana wa miaka ishirini na ushei alivitazama kana kwamba ndivyo vitakavyotamka hukumu.

Hiyo ilikuwa mwaka wa 2006, katika mahakama moja ya mpakani nilikokuwa nikiripoti kesi.

Kijana alikuwa mwendesha bodaboda wa baiskeli mjini Busia, mji ambao unatajwa kuwa chimbuko la jina hilo, kwa vile baiskeli zilivusha watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Siku ya mkosi alibeba abiria na mfuko kutoka upande wa Uganda. Polisi wa Kenya walipowasimamisha, abiria aliruka na kutokomea. Mfukoni mlikuwa na bastola kuukuu ya silinda, ile inayozunguka kila unapofyatua, pamoja na risasi sita.

"Mheshimiwa, hicho ni chuma chakavu," alijitetea. Hakuwa na wakili.

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, upande wa mashtaka sharti kwanza uthibitishe kwamba kilichonaswa ni silaha: chombo cha kuua chenye mtutu, kinachoweza kutoa risasi au kugeuzwa ili kiitoe. Kutu si kinga, wala ukongwe. Ndiyo maana silaha za aina hii hupelekwa kwa wataalamu Nairobi, wazifyatue.

Bastola yenyewe ilikuwa Enfield, aina ambayo Waingereza waliwapa maafisa wao kuanzia miaka ya 1930. Mwanzoni risasi yake ilikuwa ya madini tupu, nzito, karibu gramu 13. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia waliibadilisha na kuivika ganda la shaba, wakihofia kulaumiwa kwamba walikiuka azimio la Hague la 1899 lililopiga marufuku risasi zinazotanuka mwilini. Hiyo tunayoizungumzia ilikuwa imerejeshwa kwenye enzi ya kwanza. Mtu alikuwa ameokota maganda yaliyokwisha kutumika, akayatia fataki na baruti upya, kisha akayaziba kwa vichwa alivyosubu mwenyewe.

Mtaalamu alieleza alivyojua. Ubavuni mwa kila kichwa palikuwa na mstari mwembamba ambapo nusu mbili za kalibu hukutana. Midomo ya maganda ilikuwa na mikwaruzo ya kukazwa tena. Hakuna vichwa viwili vilivyokuwa na uzito sawa.

Kwa kuwa hakuna aliyejua baruti ilikuwa kiasi gani, hakuishika mkononi. Aliibana kwenye jiliwa na kuvuta kamba akiwa nyuma ya ukuta. Risasi ya kwanza haikulia kabisa. Ya pili ilitoa mlio hafifu na kichwa kikakwama katikati ya mtutu. (Hapo nilimwona hakimu akiacha kuandika.) Kama angefyatua tena bila kuchunguza, alisema, mtutu ungeweza kupasuka. Alikisukuma nje kwa kijiti. Ya tatu ilitoka sawasawa na kuingia kwenye tangi la maji.

"Moja inatosha," akasema.

Polisi walidai risasi hizo zilitoka Tororo. Siku ya mapumziko nilipanda teksi, kama wanavyoziita matatu huko, nikashuka chini ya ule mwamba mkubwa unaouonekana ukiwa mbali. Niliulizia wanaosubu madini, nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyetengeneza vizito vya nyavu kwa wavuvi wa Majanji na Port Victoria.

Alikuwa akiyeyusha sahani za betri kuukuu za magari katika sufuria iliyoungua, bila kitu puani. Kiswahili chetu kimetwaa neno moja, risasi, kutoka Kiarabu na kulitumia kwa madini na pia kwa kile kinachotoka kwenye bunduki. Kwa hiyo maswali yangu yalimchekesha kabla ya kumtia hofu.

"Unauliza risasi ipi, ssebo? Hii?" Alinyanyua kijiko kinachong'aa.

"Ile ya bastola, mzee."

Alimimina kwenye kalibu, akasubiri. "Mwanangu, hii ni laini. Kwenye mtutu itajipaka kama siagi. Wanaojua huichanganya iwe ngumu." Kisha akanyamaza, na nilipouliza wanaojua ni akina nani, alianza kuhesabu vizito vyake kwa sauti.

Nilikumbuka kwamba ripoti ilitaja utando wa kijivu ndani ya mtutu. Aliyesubu zile risasi hakuwa fundi stadi. Pengine hata yeye hakujua kama zingelia.

Hakimu aliamua kuwa bastola ilikuwa silaha kamili na zile ni risasi halali za kesi. Lakini mashtaka hayakuonyesha kwamba kijana alijua kilichokuwa mfukoni, nao ulikuwa umefungwa kwa kamba. Akamwachilia. Alikuwa amekaa rumande miezi 14.

Bastola ilibaki mikononi mwa serikali. Silaha nyingi zinazonaswa huishia motoni. Novemba 2016 Kenya iliteketeza 5,250 kwa siku moja huko Ngong.

Baiskeli yake alirudishiwa, magurudumu bila upepo na mnyororo umeganda kwa kutu. Niliongozana naye ikisukumwa hadi kwa fundi wa pancha. Siku hizo, kabla ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa mwaka wa 2018, bodaboda walijipanga barabarani hadi karibu na lango.

Kabla hata hajamaliza kutia upepo, mama mmoja alimjia akiwa na gunia.

"Kijana, utanivusha kwa ngapi?"

Alilitazama gunia muda mrefu.

"Fungua kwanza nione, mama."