Vidonge Havina Miguu

Kila mara jambo la uzazi wa majira linapotajwa katika mikutano yetu, huzuka mabishano yale yale. Mmoja husema watu wa shamba hawataki. Mwingine husema ni mila. Wa tatu hudai ni hila ya mataifa makubwa. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo sisi wa vyama vya wafanyakazi tungepaswa kulitanguliza: kazi hiyo hufanywa na nani, na katika hali gani?

Jibu moja lililo wazi linatoka mbali kidogo, huko Matlab, nchini Bangladesh. Matlab ni wilaya ya wakulima wa mpunga, kilomita 55 hivi kusini-mashariki ya mji mkuu, Dhaka, kando ya mto Meghna. Masika yakiingia, njia hugeuka kuwa mito na watu huenda kwa mashua. Maabara ya utafiti wa kipindupindu ilifungua kituo chake huko mwaka 1963, na tangu 1966 makarani wamekuwa wakiandika kila anayezaliwa na kila anayekufa, kijiji kwa kijiji. Ndiyo maana yaliyotokea hapo yanaweza kupimwa, wala si porojo.

Mwaka 1975 vilianza kugawiwa vidonge na mipira, nyumba kwa nyumba. Waliopewa kazi hiyo walikuwa akina mama wa vijijini, wengi wao wajane wenye umri mkubwa wasiojua kusoma. Mwanzoni wakubwa walifurahi. Kabla ya hapo watumiaji walikuwa wachache mno. Baada ya miezi 3 walifika karibu 18 katika kila wake 100. Kisha hesabu ikaanza kushuka. Aliyepata kizunguzungu, au aliyetokwa na damu isiyo ya kawaida, hakuwa na mtu wa kumweleza sababu. Bibi aliyemletea vidonge hakuwahi kuvitumia mwenyewe, na mkobani hakuwa na njia nyingine ya kumpa. Wengi wakaacha.

Mvivu wa kufikiri angesema: mnaona, hawataki. Wenye mradi hawakusema hivyo. Mwezi wa Oktoba 1977 walianza upya katika vijiji 70 vyenye watu karibu 80,000. Vijiji vingine 79 vya jirani vikaachwa na huduma za kawaida za serikali, ili pande mbili zilinganishwe. Safari hii waliajiriwa wanawake 80 wa pale pale, vijana, waliosoma, wenye waume na watoto, ambao wao wenyewe walikuwa wakipanga uzazi. Kila mmoja alikuwa na nyumba zake za kutembelea, na kila baada ya wiki mbili ilimbidi awe mlangoni tena. Mkoba wake ulikuwa na vidonge, mipira, na pia sindano ya miezi 3 ambayo aliitoa nyumbani kwa mama. Aliyetaka kitanzi au kufungwa kizazi alielekezwa zahanati. Aliyedhurika alitibiwa, au akabadilishiwa njia. Nyuma ya wafanyakazi hawa walikuwako wasimamizi waliofunzwa, waliokuwa wakija kuwasikiliza.

Hapa inafaa tuelewe maisha ya mahali penyewe. Katika Bangladesh ya siku hizo, mke mwenye heshima zake hakwenda sokoni wala zahanati ovyo. Kama huduma haikumfuata uani, basi kwake haikuwapo. Na sindano ilipendwa sana, nadhani kwa sababu haiachi pakiti ya kuonwa na mama mkwe.

Katika miezi 3 tu watumiaji walipanda kutoka 7 hadi karibu 20 katika kila wake 100. Baada ya mwaka mmoja na nusu walikuwa theluthi moja, na kufikia 1990 walikuwa wamepita nusu. Vijiji vile vingine vilibaki nyuma sana kwa miaka mingi. Wafanyakazi wale wale waliongezewa pia kazi za afya: chanjo ya pepopunda kwa wajawazito, maji ya chumvi na sukari kwa watoto wanaoharisha, na kuanzia 1982 chanjo ya surua. Vifo vya watoto vikapungua. Mama aliyezika watoto watatu hawezi kumsikiliza mtu anayemhubiria faida za kuzaa wawili. Aanze kwanza kuwaona walio hai wakikua.

Serikali ya Bangladesh nayo iliajiri wanawake zaidi ya 20,000 wa kutembelea nyumba nchini kote. Wastani wa watoto kwa kila mama ulishuka kutoka zaidi ya 6 katikati ya miaka ya 1970 hadi 3 na kitu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nchi ilikuwa bado maskini.

Karibu na kwetu, Rwanda imekwenda njia inayofanana. Wastani huo ulikuwa 6.1 mwaka 2005. Kufikia 2020 ulikuwa 4.1. Washauri wa afya wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe wamebeba sehemu kubwa ya mzigo, hata kutoa sindano. Lakini hawakuwekewa mshahara: malipo yalipitia vyama vyao vya ushirika, kwa kadiri ya kazi iliyoonekana. Ushirika ni jambo jema, sina ugomvi nao, ila sijaona bado karani wa wizara anayelipwa hivyo.

Pakistan ilianzisha mpango wake mwaka 1994. Wanawake waliosoma walau miaka 8 waliajiriwa vijijini mwao, kila mmoja akihudumia watu 1,000 hivi. Walikaribia 100,000, wakilipwa posho iliyo chini ya kima cha chini cha mshahara, nayo ikichelewa. Wakaandamana, wakafunga barabara, wakaenda mahakamani. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamuru walipwe kima cha chini. Mwaka 2012 serikali ikatangaza kuwafanya watumishi wa kudumu, na Desemba mwaka huo huo wenzao kadhaa waliuawa kwa risasi wakitoa chanjo ya polio. Mwishoni mwa 2018, wale wa jimbo la Sindh waliandikisha rasmi chama chao cha wafanyakazi.