Tausi: Uzuri Wake ni Mzigo au ni Manfaa?

Anayemwona tausi dume akiburura manyoya yake marefu huenda akajiuliza: mzigo huu unamfaa nini ndege anayewindwa na chui? Katika makala haya tutaeleza maisha ya ndege huyu, kisha tutaangalia wanavyuoni wamesema nini juu ya uzuri wake.

Tausi tunayemkusudia asili yake ni India na nchi jirani, hadi Sri Lanka. Hula nafaka, matunda, wadudu na hata nyoka wadogo. Mchana hutembea ardhini, na jua likichwa hupanda miti mirefu akalala huko. Akimwona adui hupiga ukelele mkali unaowazindua wenzake. Jike ana rangi ya kahawia, na huo si upungufu: yeye ndiye anayeatamia mayai ardhini kwa muda wa siku 28 hivi, na rangi hiyo humficha. Dume haatamii.

Ama yale manyoya marefu, si mkia hasa, bali ni manyoya yanayoota juu ya mkia, na mengi yana alama mfano wa jicho. Wakati wa kupandana dume huyakunjua na kuyatikisa, na jike huwatazama madume kadhaa kabla ya kuchagua. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa dume mwenye macho mengi hupata majike zaidi. Ule wa Japani wa mwaka 2008 haukuona hivyo. Wataalamu basi wamehitilafiana juu ya kile hasa anachokitazama jike. Msimu ukiisha, manyoya hayo hupukutika, kisha huota upya.

Zamani watu walidai kuwa jike hupata mayai kwa kunywa machozi ya dume. Katika Nahjul Balagha, iliyokusanywa na Sharif Radhi mwaka 400 Hijria, imo hotuba inayonasibishwa kwa Imam Ali inayomweleza tausi kwa urefu. Humo dai hilo linakataliwa: tausi humpanda jike kama afanyavyo jogoo. Msemaji anabainisha kuwa anategemea alichokishuhudia kwa macho, si habari yenye isnadi dhaifu. Hili ni funzo kwetu sote tunaosimulia habari za viumbe juu ya mimbari.

Tukija kwenye fikihi, kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, ni kuwa tausi haliwi. Madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali yanaruhusu. Lakini je, anauzika? Sharti mojawapo ya kitu kinachouzwa ni kuwa na manfaa; na ndege asiyeliwa ana manfaa gani? Mafakihi wa Kishafii wakajibu kuwa kumuuza kunasihi, kwa sababu mtu huburudika kwa rangi yake, kama anavyoburudika kwa sauti ya ndege mwimbaji.

Kwa hiyo uzuri wa tausi si mzigo mtupu. Kwake ni njia ya kupata kizazi. Kwa mafakihi ni manfaa yanayozingatiwa katika hukumu. Basi anayemfuga kwa ajili ya uzuri huo ajue kuwa ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha, wala asimng'oe manyoya akiwa hai, kwani Muumba wake amekwisha kuyawekea wakati wake wa kudondoka.