CHUJIO LIKIZIBA, LITAZAMENI KABLA YA KULITUPA



Wengi wetu Pemba sasa tunavuta maji ya kisima kwa mashine, na baina ya mashine na tangi tumefunga chujio. Malalamiko yanayotufikia ni mamoja: chujio huziba, maji hayapandi, mwenye nyumba akachoka akaling'oa kabisa. Twaomba lising'olewe. Chujio lililoziba limefanya kazi yake, na uchafu wake hutueleza kisima kina maradhi gani.

Kwanza zimeni mashine, fungeni koki, kisha fungueni kikombe cha chujio. Likiwa la uzi au pamba iliyoshindiliwa, halioshwi likatakata, tieni jipya. Likiwa la kukunjwakunjwa, lioshwe taratibu kwa maji safi na brashi laini. Kikombe kisuguliwe, na mpira wake utazamwe usiwe na ufa.

Sasa tazameni uchafu wenyewe. Ukiwa ni mchanga, basi mdomo wa bomba umekaribia mno chini ya kisima, khasa mwisho wa kaskazi maji yanapopungua, upandisheni. Ukiwa ni udongo ulioonekana baada ya mvua za masika, maji ya juu yanaingia kisimani. Inueni ukuta wake, tieni mfuniko, na sakafu ya saruji iinamie nje. Ukiwa ni utando wa rangi ya kutu, maji yana chuma. Yapigwe hewa na kutuama kwanza, ndipo yachujwe.

Lakini maji maangavu siyo lazima yawe salama. Chujio la mikroni 5 huzuia mchanga na tope, na mikroni 1 ni sehemu moja katika 1,000 ya milimita. Hata hivyo kijidudu cha kipindupindu ni chembamba zaidi, naye hupenya. Zanzibar ilipatwa na maradhi hayo mwaka 1978, na tena 2015 na 2016. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote barabara, kisha yawekwe katika chombo chenye kifuniko.

Msimu wa kuchuma ukifika, wachumaji hunywa maji ya visima vyetu tangu asubuhi hadi jioni. Hawawezi kujua kisima kikoje. Sisi ndio wa kujua. Afya zao ni amana juu yetu. Kila mwanachama na afungue chujio lake kabla ya mikarafuu kuanza kuchumwa, Insha-Allah.