Gari Linaloelea: Kutoka Barabarani Hadi Majini

Gari likitumbukia katika maji yaliyotulia, watu wengi hudhani kwamba litazama papo hapo kama jiwe. Sivyo mambo yalivyo. Gari dogo la kawaida, milango na vioo vyake vikiwa vimefungwa, huelea kwa muda kabla ya kuzama. Kwa hiyo fundi anayekusudia kuligeuza gari liwe mashua hahangaiki kulifanya lielee. Kazi yake ni kulizuia lisiache kuelea, nayo ndiyo kazi ngumu.

Hesabu yake ni nyepesi, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya. Kanuni ya Archimedes yasema kwamba kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Tuseme gari dogo pamoja na dereva wake lina kilo 840. Ili lielee, halina budi kuondoa kilo 840 za maji, yaani meta za ujazo 0.84. Tuichukue sehemu yake ya chini kuwa kama sanduku lenye urefu wa meta 3 na upana wa meta 1.4, eneo lake ni meta za mraba 4.2. Gawanya 0.84 kwa 4.2, jibu ni 0.20. Sanduku hilo litazama sentimeta 20 tu, kisha litaelea.

Sasa ongeza nafasi iliyopo baina ya sakafu ya gari na ardhi, ambayo katika magari madogo ni kiasi cha sentimeta 15. Jumla ni sentimeta 35, kimo kisichofika magotini mwa mtu mzima. Maji yakifikia hapo, na kabla hayajapenya ndani, matairi hayaikanyagi tena barabara kwa uzito wowote. Kumbe dereva anayevuka mto uliofurika, akijipa moyo kwamba maji ni haba na gari ni zito, amekwisha kuwa nahodha wa mashua isiyo na usukani wala mkuku. Na mkondo ndio utakaoamua aendako. Ukweli huu hauna budi kufundishwa katika kila shule iliyo karibu na vivuko vya mito ya msimu.

Watu wamejaribu kwa muda mrefu kuitumia sifa hiyo ya kuelea kwa makusudi. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliunda magari madogo ya Volkswagen ya kuogelea zaidi ya 14,000, nao Wamarekani walikuwa na lori lao la majini lililoitwa DUKW. Baada ya vita, mhandisi Mjerumani Hans Trippel alibuni Amphicar, iliyoonyeshwa New York mwaka 1961. Injini yake, ya lita 1.147, ilitoka katika gari la Kiingereza la Triumph Herald. Iliwekwa nyuma, na majini ilizungusha rafadha mbili. Magurudumu ya mbele yalifanya kazi ya usukani. Yaliuzwa magari chini ya 4,000, na biashara ikakoma katika miaka ya 1960. Baadaye, katika miaka ya 1990, mtengenezaji wa Kiingereza Tim Dutton alishika njia nyingine iliyo rahisi zaidi: badala ya kuunda gari jipya, alichukua viungo vya gari la familia la kawaida, Ford Fiesta, lile lenye mlango wa nyuma unaoinuliwa juu, akaviweka katika mwili wa faibaglasi wenye umbo la mashua.

Kwa nini gari la aina hiyo? Sababu ya kwanza ni wepesi na bei. Ya pili ni ya kiufundi. Katika gari kama Fiesta, injini na giaboksi viko mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayoendeshwa. Hakuna mhimili mrefu unaopita chini kwenda nyuma, na magurudumu ya nyuma hujizungukia tu. Basi mihimili inayozunguka na ambayo lazima ipenye ukuta wa chombo kwenda kwenye magurudumu ni miwili tu. Lakini faida hiyo huja na hasara yake. Uzito wote wa injini ukiwa mbele, gari huinamisha omo kama jahazi lililopakiwa vibaya, na fundi hulazimika kuhamisha betri na tangi la mafuta kwenda nyuma, au kutia farumi. Na ule mlango wa nyuma, unaopendwa sana na wenye familia kwa kupakia mizigo, majini ni adui: kizingiti chake kiko chini, na wimbi dogo litokalo tezini laweza kukifikia. Sehemu yake ya chini hapana budi izibwe kabisa.

Matundu ndiyo yanayolitia gari hatarini. Gari la kawaida limejaa matundu: ya nyaya, ya breki, ya usukani, ya hewa ya rejeta, ya kutolea maji sakafuni. Jahazi la mbao hukalafatiwa kwa pamba na mafuta, na viungo vyake havizunguki. Gari lina mihimili inayozunguka mara mamia kwa dakika huku ikipanda na kushuka pamoja na springi, na kinachoyazuia maji yasipite hapo ni mpira mwembamba uliokazwa kwa kamba ya chuma. Hata kizibo cha sakafuni, kile ambacho dereva hukifungua nchi kavu ili kuyatoa maji yaliyoingia, chatosha kuleta msiba kikisahauliwa. Tundu la kipenyo cha sentimeta 2.5, likiwa sentimeta 20 chini ya uso wa maji, hupitisha zaidi ya nusu lita kila sekunde. Katika dakika 4 hivi sakafu ya ndani yenye urefu wa meta 2.4 na upana wa meta 1.2 itakuwa imefunikwa na sentimeta 5 za maji, yaani lita 144. Pampu ndogo ya kufua maji, yenye uwezo wa lita 2,000 kwa saa, haitashinda tundu hilo.

Sentimeta 5 za maji zaonekana kuwa jambo dogo. Chombo kimeongezewa kilo 144 tu, ambazo ni uzito wa watu wawili, na kingali kinaelea vizuri. Hapa ndipo wengi hukosea. Uzito huo si kama wa abiria, kwa maana abiria ameketi na maji hayaketi. Aliyewahi kubeba sinia lenye maji anajua: sinia likiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande ulioinama na kuuzidisha mwinamo. Kikombe chenye maji yale yale hakisumbui.

Wataalamu wa merikebu huupima uthabiti wa chombo kwa umbali uliopo baina ya kitovu chake cha uzito na nukta iliyo juu yake iitwayo metasenta. Umbali huo ukiwa mkubwa, chombo kilichoinama hujiinua upesi. Ukiwa sifuri hakijiinui tena. Kwa sanduku, kimo cha metasenta juu ya kitovu cha ueleaji hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa upana mara tatu, kugawanya kwa 12, kisha kugawanya kwa ujazo wa maji yaliyoondolewa. Katika mfano huu jibu ni sentimeta 82. Kitovu cha ueleaji kiko sentimeta 10 juu ya sakafu. Kama kitovu cha uzito kiko sentimeta 45, basi umbali wa uthabiti ni sentimeta 47, na gari ni thabiti sana. Rudia hesabu maji ya sentimeta 5 yakiwa yanatembea ndani kwa uhuru, na zile 47 hushuka mpaka chini ya 8. Abiria mmoja akisimama, au wimbi moja likipiga ubavuni, gari laweza kulala. Lakini ukiigawa sakafu kwa kiambaza kimoja tu kilichosimama katikati kutoka mbele hadi nyuma, athari ya maji hayo hupungua hadi robo, na uthabiti hurudi hadi sentimeta 34 hivi. Ubao mmoja wa bei ndogo wafanya kazi ambayo injini kubwa haiwezi kuifanya.

Tarehe 1 Mei 1999, katika Ziwa Hamilton, jimbo la Arkansas, Marekani, gari la watalii la aina ya DUKW lililoitwa Miss Majestic lilizama muda mfupi baada ya kuingia majini. Kati ya watu 21 waliokuwamo, 13 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mpira wa kuziba kwenye mhimili ulikuwa umechomoka, na kwamba paa la turubai liliwazuia abiria kutoka. Wachunguzi walipendekeza kwamba magari ya aina hiyo yawe na akiba ya ueleaji, yaani yaendelee kuelea hata yakijaa maji. Mwaka 2018, tarehe 19 Julai, gari jingine la ukoo huo lilishindwa na mawimbi ya dhoruba katika Ziwa Table Rock, Missouri, wakafa watu 17 kati ya 31.

Akiba hiyo ya ueleaji ina gharama yake. Gari la kilo 840, ambalo sehemu kubwa ni chuma, likizamishwa lote hupoteza kiasi cha sehemu moja ya nane ya uzito wake. Zinazobaki zataka kiasi cha lita 750 za sponji ngumu lisilonyonya maji, karibu sawa na mapipa manne makubwa ya mafuta. Yatatiwa wapi katika gari dogo? Chini ya viti, ndani ya milango, na mahali pa mizigo. Mwisho wake gari la watu wanne hubaki la watu wawili.

Kuhusu mwendo, hakuna mengi ya kusifu. Chombo kinachoondoa maji huzuiwa na mawimbi kinayoyazua chenyewe, na mpaka huo hutegemea urefu: kwa gari la meta 3.8 ni kiasi cha kilometa 9 kwa saa. Kuupita kwahitaji nguvu nyingi mno, au kuteleza juu ya maji kama Aquada ya Uingereza, iliyokunja magurudumu yake na kuvuka Mlango wa Bahari wa Uingereza mwezi Juni 2004 kwa saa 1 na dakika 40.

Si ajabu, basi, kwamba magari haya aghalabu huuzwa yakiwa yameingia majini mara chache tu. Kila safari hudai malipo: maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita, na pale alumini ya giaboksi inapogusana na boliti ya chuma, chumvi hufanya betri ndogo inayoila alumini. Wenye Amphicar walielekezwa kutia grisi baada ya kila saa 5 za majini, na sehemu moja haikufikika mpaka kiti cha nyuma kiondolewe. Lakini mnunuzi asidanganyike na maneno “halikutumika sana”. Mpira uliokaa miaka bila kunyumbuka hupasuka, na beringi iliyolowa mara moja kisha ikaachwa huota kutu pale pale iliposimama.

Njia nzuri ya kulikagua gari la namna hiyo haitaki ziwa. Huwekwa nchi kavu juu ya magogo, likamiminiwa maji ndani hadi kimo cha sentimeta 20, fundi akaingia chini na tochi. Kanieneo ni ile ile ya majini, ila yasukuma kutoka ndani. Kwa sababu hiyo mipira ya mihimili hukaguliwa tena kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, magurudumu yakiwa yanazungushwa polepole.