Yanga ya Nabi: Msimu wa Mechi 30 Bila Kufungwa

Msimu wa 2021/22 klabu ya Young Africans ya Dar es Salaam, Yanga kwa wengi, ilicheza mechi 30 za Ligi Kuu Tanzania Bara bila kufungwa hata moja. Ilishinda 22, ikatoka sare nane, ikakusanya pointi 74 na kuiacha Simba nyuma kwa pointi 13. Huo ulikuwa ubingwa wake wa 28, na ulikata utawala wa Simba uliodumu misimu minne mfululizo. Kocha mkuu alikuwa Nasreddine Nabi, Mtunisia mwenye uraia wa Ubelgiji, na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza kuuanza na kuumaliza akiwa na timu hiyo.

Kumaliza ligi bila kupoteza ni jambo adimu, lakini Yanga haikuwa ya kwanza Tanzania. Simba ilifanya hivyo msimu wa 2009/10, ligi ikiwa na timu 12, chini ya Mzambia Patrick Phiri. Azam ikafuata msimu wa 2013/14. Mwingereza Stewart Hall aliianza ligi hiyo na kuondoka duru ya kwanza ilipokwisha, na nafasi yake akapewa Mkameruni Joseph Omog, aliyekuwa ameipa AC Léopards ya Kongo Brazzaville Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2012. Omog aliipokea timu isiyofungwa na hakuiharibu. Azam ilimaliza mechi 26 ikiwa na ushindi 18, sare nane na pointi 62, na ubingwa wenyewe iliuhakikisha ugenini Mbeya, kwa kuifunga Mbeya City mabao 2-1. Tofauti ya Yanga ni urefu wa safari. Mechi 30 ni nane zaidi ya zile za Simba ya Phiri, na kila mechi inayoongezeka ni siku nyingine ambayo jua, basi, refa au uwanja unaweza kuiangusha timu bora.

Nabi aliteuliwa Aprili 2021. Yanga ilikuwa imebadilisha makocha kwa kasi ya kutisha: Mbelgiji Luc Eymael alifukuzwa Julai 2020, Mserbia Zlatko Krmpotic akadumu kwa mechi chache tu, Mrundi Cedric Kaze akaondolewa Machi 2021, na Juma Mwambusi akaishikilia timu kwa muda. Mwanzo wa Nabi nao haukumpa mtu matumaini makubwa. Mechi yake ya kwanza, Aprili 25, alifungwa na Azam bao 1-0 lililofungwa na Prince Dube. Julai akapoteza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports mbele ya Simba mjini Kigoma, tena kwa bao 1-0. Septemba, Rivers United ya Nigeria ikaitoa Yanga kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga 1-0 Dar es Salaam na 1-0 nyumbani kwao. Kwa desturi ya Yanga na Simba, klabu kubwa za Kariakoo, matokeo matatu ya namna hiyo yalitosha kumfungashia kocha virago. Uongozi, chini ya mwenyekiti Mshindo Msolla ambaye naye aliwahi kuifundisha Taifa Stars, ulimwacha aendelee, na hata Kaze akarudishwa awe msaidizi wake. Katika yote yaliyofanyika msimu ule, uamuzi huo ndio unaostahili sifa ya kwanza.

Uvumilivu huo uliambatana na usajili mzito. Kutoka AS Vita ya Kinshasa walikuja mshambuliaji Fiston Mayele, beki wa kulia Djuma Shaban na winga Jesus Moloko. Mkongomani mwenzao Yannick Bangala akaja pia, pamoja na kiungo Mganda Khalid Aucho na kipa wa timu ya taifa ya Mali, Djigui Diarra. Septemba 25, 2021 bao la Mayele likaipa Yanga Ngao ya Jamii dhidi ya Simba. Siku nne baadaye ligi ya Yanga ilianzia Kaitaba, Bukoba, ambako bao la Feisal Salum liliizima Kagera Sugar.

Kuna sehemu ya hadithi hii inayosimuliwa kidogo, nayo ni ya Morogoro.

Mkoa huu, wenye safu ya Uluguru juu ya mji na mashamba ya miwa ya Mtibwa na Kilombero mbali nayo, una mizizi mirefu katika soka ya nchi. Reli ya Morogoro ilijulikana kwa jina la Kiboko ya Vigogo kwa jinsi ilivyowasumbua wakubwa, na Uwanja wa Jamhuri, unaotazamana na milima, ndio uliokuwa mahali pa adhabu hiyo. Baadaye zamu ikawa ya Mtibwa Sugar, timu iliyotokana na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Turiani. Wakata Miwa hao walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na kuurudia mwaka 2000. Baada yao, kwa zaidi ya miaka kumi, kombe lilizunguka kati ya Simba na Yanga peke yao, hadi Azam ya Omog ilipoupasua mduara huo mwaka 2014.

Mchango wa Morogoro kwa Yanga ya Nabi unaonekana zaidi kwenye ulinzi. Dickson Job, beki wa kati aliyekuwa nahodha wa Serengeti Boys kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gabon mwaka 2017, alinunuliwa kutoka Mtibwa Sugar. Kibwana Shomari, beki wa pembeni anayeweza kucheza kulia na kushoto, alitoka huko huko. Dirisha dogo la msimu wenyewe, Diarra akijiandaa kwenda Kameruni na timu ya Mali kwa fainali za Mataifa ya Afrika, Yanga ilimsajili kipa Abutwalib Mshery, naye kutoka Mtibwa. Hawa watatu hawakuimbwa kama Mayele, ambaye mtindo wake wa kutetema kila anapofunga uliigwa na watoto mitaani nchi nzima. Lakini timu isiyofungwa hujengwa kuanzia nyuma, na sehemu ya ukuta huo ilifyatuliwa Turiani, kwenye klabu iliyokuwa na subira ya kulea vijana wakati wengine wakinunua waliokomaa.

Hesabu za msimu zinaunga mkono hoja hiyo. Kati ya sare nane za Yanga, tano zilikuwa suluhu: mbili dhidi ya Simba, Desemba 11, 2021 na Aprili 30, 2022, na nyingine dhidi ya Mbeya City, Ruvu Shooting na Tanzania Prisons. Tatu zilizobaki, dhidi ya Namungo, Biashara United na Mbeya City ya marudiano, ziliisha 1-1. Maana yake, hata siku ambazo Mayele hakupata nafasi, mpinzani naye hakupata bao au alipata moja tu. Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuja mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, Yanga ilipocheza mechi tatu mfululizo bila kufunga wala kufungwa: Simba, Ruvu na Prisons. Minong'ono ikaanza kwamba Wananchi, kama Yanga inavyoitwa, wameishiwa pumzi. Timu isiyo na nidhamu ya ulinzi ingepoteza walau moja kati ya hizo kwa kuharakia bao. Yanga ilichukua pointi tatu katika mechi tatu, ikaenda kuifunga Dodoma Jiji mabao 2-0, na mbio zikaendelea.

Mtazamaji wa mbali hudhani msimu wa namna hii huamuliwa kwenye dabi ya Kariakoo, mbele ya maelfu kwenye Uwanja wa Mkapa. Dabi zote mbili za ligi ziliisha bila bao, kwa hiyo hazikuamua kitu. Hatari halisi ilikuwa mikoani. Mfano mzuri ni Manungu, uwanja wa Mtibwa Sugar ndani ya eneo la kiwanda. Timu inayotoka Dar es Salaam hupita Morogoro mjini, hufuata barabara ya Dodoma hadi Magole karibu na Dumila, kisha hugeuka kulia kuelekea Turiani, miwa ikiwa pande zote na milima ya Nguru mbele. Uwanja ni mdogo, mashabiki wako karibu na mstari, na wenyeji wanajua kila kipande cha nyasi. Januari 2022 Simba, bingwa mtetezi, ilikwenda Manungu ikaambulia suluhu. Mwezi mmoja baadaye, Februari 23, Yanga ikafika mahali pale pale na kuondoka na ushindi wa 2-0, mabao ya Saido Ntibazonkiza na Mayele. Simba iliacha pointi mbili Manungu; Yanga haikuacha hata moja. Pengo la pointi 13 liliongezeka hivyo, safari baada ya safari, kwenye viwanja ambavyo magazeti huviandikia aya moja tu.

Mtibwa yenyewe ilikuwa kwenye msimu wa mateso. Mwaka 2021 ilimwajiri Omog, yule yule wa Azam isiyofungwa, lakini matokeo hayakuja na akaondoka mapema. Hilo linafundisha kuhusu kazi ya kocha: mtu yule yule, akiwa na maarifa yale yale, hawezi kurudia rekodi akiwa na kikosi dhaifu na fedha kidogo. Nabi alikuwa na akili ya kuona kwamba Bangala anaweza kucheza kiungo mkabaji na beki wa kati kwa ubora ule ule, lakini pia alikuwa na Bangala. Mwisho wa msimu Mkongomani huyo ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi, ingawa mfungaji bora alikuwa George Mpole wa Geita Gold aliyefunga mabao 17, moja zaidi ya Mayele.

Yanga ilitangazwa bingwa Juni 15, 2022, ikiwa na mechi tatu mkononi, baada ya kuifunga Coastal Union ya Tanga mabao 3-0. Bingwa aliyekwishatangazwa huwa mwepesi kufungwa, kwa kuwa miguu hulegea na wachezaji wa akiba hupewa nafasi. Yanga ilizilinda na hizo mechi tatu. Ya mwisho ilikuwa dhidi ya Mtibwa Sugar, Juni 29, na Wakata Miwa waliokuwa wakipigania kutoshuka daraja hawakuweza kuivunja rekodi ambayo vijana wao wa zamani waliisaidia kuiweka. Julai 2 mjini Arusha Yanga ikaongeza Kombe la Shirikisho la Azam Sports, kwa mikwaju ya penalti, baada ya sare ya 3-3 na Coastal Union.

Kwingineko duniani, rekodi za aina hii zina sura inayofanana. Arsenal ya Arsène Wenger ilimaliza Ligi Kuu ya England ya 2003/04 bila kufungwa ikiwa na sare 12 katika mechi 38. Bayer Leverkusen ya Ujerumani ilifanya hivyo msimu wa 2023/24 chini ya Xabi Alonso, ambaye kama Nabi aliipokea timu katikati ya msimu uliotangulia na kung'ara katika msimu wake wa kwanza kamili. Sare ni nyingi, ulinzi ni mgumu, na kocha amepewa muda wa kuipanga nyumba kabla ya kudaiwa matunda.

Mbio za Yanga zilivuka hadi msimu uliofuata na kufikia mechi 49 za ligi bila kufungwa, idadi ile ile ambayo Arsenal iliishia mwaka 2004. Zilikatika Novemba 29, 2022, na hazikukatwa na Simba wala Azam. Ihefu, wakati huo timu ya wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, iliifunga Yanga 2-1 kwenye uwanja wake wa Highland Estates. Nabi alibaki hadi mwisho wa msimu huo, akatwaa ubingwa kwa mara ya pili mfululizo na kuifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, kisha akaondoka Juni 2023.